Kikombe cha Aidini Nilichokirudisha Mezani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wa kule mlangoni sijawasikia. Bwana asifiwe! Asanteni. Mimi ni Namsifu, mke wa Elibariki, wa hapa hapa Mbaga. Wengi mnanijua kwa rovu hili la shingoni, na wengine mlinikimbia kwa ajili yake. Sisemi kwa ubaya. Hata mimi ningejikimbia kama ningeweza.

Rovu si ajabu milimani humu. Wamama wengi wanalo na wanalima vizuri tu. Langu lilikuja na makubwa. Moyo ulikwenda mbio hata nikiwa nimekaa. Mikono ilitetemeka, nikawa siwezi kupakua makande bila kumwaga. Nilikula kama mchimba mfereji na bado nikakonda. Macho yakatoka nje. Nikishuka gulioni Kisiwani, wanawake walifunika watoto wao kwa kanga nisiwaone. Wakasema nina jicho baya. Mimba mbili zikaharibika, wakasema nimezitazama mwenyewe. Jamani! Nililia mpaka nikaanza kuamini.

Daktari wa Same akatuandikia barua twende hospitali kubwa kule Nairobi, kuna dawa mpya ya tezi la shingo. Tukapanda treni, mimi na Elibariki, tukabadili Voi. Ndugu zangu, ndani ya treni ile nilikuwa na siri. Nilikuwa na mimba ya miezi miwili, na sikumwambia hata mume wangu. Desturi yetu mnaijua: mimba changa haitajwi. Unaacha tumbo lijitangaze lenyewe, wenye nia mbaya wasije wakaiwahi. Nami niliyekwisha poteza mbili, ningefungua kinywa?

Daktari wa kule alikuwa Mzungu, akizungumza nasi kupitia msaidizi wake, dresa mmoja mtu mzima. Nikamsalimia, "Shikamoo, baba." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Mmetoka upande gani wa Upare?" Kumbe ni mtu wa Ugweno, Mpare mwenzetu! Elibariki alifurahi kama amekutana na ndugu yake. Mimi nikajuta kumsalimia. Neno likimwingia huyu, nilijiambia, litafika Same kabla yangu.

Dresa akasema, "Daktari anataka kujua kama una mimba."

Nikatazama sakafu. "Sina."

Nilidanganya, ndugu zangu, na mume wangu amekaa ubavuni pangu!

Wakaninywesha kikombe kidogo, maji matupu kwa ladha. Dresa alinieleza kwa upole kwamba tezi la shingoni hukamata aidini, ile ile inayopakwa kwenye vidonda. Ila hii ya kikombe imetengenezwa itoe miali. Miali huioni wala huisikii. Siku ya pili wakaniwekea shingoni kidude cha chuma kinachoisikia miali hiyo, nacho kikaanza kulia tatata, tatata, kama mahindi yanapopasuka kwenye kikaango. Kulia kwenyewe kulitoka kwangu! Daktari akaandika, akatikisa kichwa. Tezi lilikuwa linakamata aidini kupita kiasi, ndilo lililokuwa likinikimbiza moyo. Kesho yake ningepewa kikombe chenyewe, chenye nguvu ya kuliunguza.

Kesho ikafika. Kikombe kilitolewa ndani ya sanduku zito la madini ya risasi. Daktari alikishika kwa koleo refu, akakiweka mezani mbele yangu, akarudi nyuma mpaka ukutani. Nikajiuliza, kama mwenye dawa anaikimbia, mimi ninayeinywa je? Nikakishika kikombe kwa mikono miwili. Elibariki akanong'ona, "Kunywa, mke wangu, tupone turudi nyumbani."

Dresa akamgeukia. "Nyumbani mna mtoto mdogo?"

"Bado hatujajaliwa, baba."

"Basi kwenu ni rahisi. Wenye watoto tunawakataza kuwapakata siku kadhaa. Dawa ikiwa mwilini inatoa miali, na miali haimfai mtoto."

Ndugu zangu! Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni. Nikasikia neno lile: haimfai mtoto. Kama aliyepakatwa nje anakatazwa, huyu niliyembeba ndani angekimbilia wapi? Nilimwita Yesu moyoni. Niliogopa dawa, nikaogopa Ugweno nzima, nikaogopa mume wangu. Nikaona naweza kumeza na kunyamaza, kama nilivyonyamaza siku zote. Hapo nguvu ambayo si yangu ikaushusha mkono wangu mpaka mezani. Kiswahili kilinitoka kabisa, nikasema kwa Kipare, "Baba, nina mimba!"

Dresa akapiga kelele kwa Kiingereza. Daktari akaruka kutoka ukutani akaninyang'anya kikombe kwa mkono mtupu, koleo kalisahau. Elibariki akasimama, akakaa, akasimama tena.

Sikufokewa. Walinipa vidonge vya kulituliza tezi, wakasema kikombe kile kingeweza kumharibu mtoto. Nikauliza habari za kile kikombe kidogo nilichokwisha kunywa. Daktari akajibu kwamba dawa yake ilikuwa kidogo sana, anatumaini haina madhara. Anatumaini! Hakuapa. Miezi saba nilibeba neno hilo moja. Nilikuwa nikipalilia kahawa nasimama, nasikiliza tumbo kama linalia tatata. Niliomba kwa hofu, ndugu zangu, sikuomba kwa imani, na Mungu akapokea hivyo hivyo.

Mtoto alipozaliwa, nilimpapasa shingo kabla sijajua ni wa kike au wa kiume. Shingo nyembamba, laini, haina kitu. Naye akalia mpaka mama mkwe akacheka. Ndiye yule pale, amekaa mapajani pa baba yake, anakula muwa kanisani.

Nilipomwachisha ziwa nilirudi Nairobi, nikakinywa kikombe. Siku zile sikumpakata binti yangu, nikamwangalia kwa mbali nikilia. Leo moyo umetulia. Makande napakua bila kumwaga. Macho hayakurudi yote, mtanivumilia hivyo hivyo. Daktari alituambia tusubiri mwaka mzima kabla ya kutafuta mwingine, nasi tukasubiri.

Namshukuru Mungu aliyekishika kikombe. Wewe uliyefunga kinywa kwa hofu, mwamini Yeye, useme kabla hujameza. Na mimi nisiwafundishe tu. Mama mkwe, naona unavyonikazia macho, shikamoo mama, nisamehe. Elibariki nimemwambia asubuhi hii. Sasa nawaambia ninyi nyote, wenye kunipenda na wasionipenda: nina mimba ya miezi miwili. Naogopa sana. Simameni mniombee, na mniombee kwa sauti.