Msumeno Uko Chini ya Kitanda Changu

Sogeeni karibu. Ekama, funga mlango wa jikoni, moshi unanikohoza, na pumzi niliyobakiwa nayo nina kazi nayo. Eliya, kaa chini mwanangu, acha kuchungulia barabarani; mchungaji alisema atakuja jua likipoa, na mimi nitakuwa nimemaliza kabla hajafika. Obia, simama hapo hapo mlangoni. Sikio lako moja halisikii, lakini hilo jingine linatosha.

Nianze na vitu vidogo ili msije mkagombana mbele ya wageni. Shamba la viazi vikuu la ng'ambo ya kijito ni la baba yenu, na ardhi ya baba inafuata wanawe wa kiume, hilo halina mjadala. Viazi vilivyomo ghalani, michikichi aliyoniachia mama yangu, nguo zangu na vyungu vyangu ni vya upande wa mama, na kwetu vya upande wa mama havitoki nje ya tumbo lililovileta, hufuata wanawake: ni vya Ekama, na baada yake ni vya binti zake. Obia, usinitazame hivyo, umekula viazi vya ghala hilo tangu ulipoota meno, na dada yako hajawahi kukunyima. Yule Mama Ndoma, ambaye tumegombania naye mpaka wa shamba la muhogo hadi wote wawili tumezeeka, akija kunililia mwacheni alie, hata kama ni kilio cha kujionyesha. Ila asikae kiti cha mbele.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo nililowaitia.

Kuna msumeno chini ya kitanda changu. Eliya aliuazima jana kwa fundi, akauficha nyuma ya pipa la maji, na mimi nikamwambia Ekama auburute hadi hapa. Nimeulalia tangu jana. Mnajua wote ulikuwa wa kazi gani, kwa sababu mchungaji alipokuja alikaa kwenye kigoda hicho, akanishika mkono, akaniambia taratibu, na simlaumu kwa upole wake: "Mama Eliya, kanisa linakupenda, lakini siwezi kukuzika kwa ibada wala kukulaza karibu na mumeo, wakati ukoo wako umeweka sanamu pembeni ya nyumba ya Mungu. Gogo lenyewe la ngoma hatulidai. Tukate ule mwisho uliochongwa mwanamke tu, tuuchome, ngoma yenu ibaki."

Nikamwuliza, "Na mtoto aliyempakata?"

"Na mtoto pia, Mama."

"Basi hiyo ni kazi ya Herode, mwanangu."

Hakucheka. Wewe Eliya ulicheka, kisha ukakumbuka kwamba wewe ni mzee wa kanisa, ukakohoa.

Mchungaji ni kijana, na hakuzaliwa hapa. Hajui kwamba ngoma ndiyo iliyokuwa pembeni ya mto kwanza, na kanisa likaja kukaa pembeni yake. Mimi nilikuwepo, nikiwa msichana wa kubeba maji. Mwinjilisti wa kwanza alipanda mto kutoka upande wa chini na mtumbwi wenye Biblia na chumvi, na mvua ilikuwa inamnyeshea, na hakuna aliyemfungulia mlango ila mjomba wangu Egbe, mtunza ngoma, aliyemwambia, "Ingia humu bandani kwa ngoma, paa lake halivuji." Mtu huyo alihubiri akiwa ameegemea gogo. Jumapili iliyofuata akasema hana kengele, watu watajuaje kuwa ni saa ya ibada? Mjomba akacheka, akamwambia hapa neno zito linaitwa kwa ngoma, na kama neno lake si zito afungue mtumbwi aende. Akaipiga. Tukaja wote, na wengine walidhani kumekufa mtu.

Ubatizo wangu uliitwa kwa ngoma hiyo. Ndoa yangu pia. Wakati wa vita, askari waliposhusha kengele ambayo kanisa lilikuwa limekwisha kuipata wakaondoka nayo, na mchungaji wa wakati ule akakimbilia msituni kama sisi, kaka yangu Enang alirudi kijijini peke yake Jumapili alfajiri akapiga wito, tukautambua, tukatoka vichakani tukiwa na matope hadi magotini, tukaomba. Mwanamke yule wa mbao na mtoto wake hawakuomba chochote kwetu. Sijawahi kummwagia mvinyo wa tambiko. Sijawahi kumpigia magoti. Nampigia magoti Yesu, ambaye mama yake naye alikaa hivyo hivyo, na mtoto mapajani.

Mmeona kule kwenye vijiji vya upande wa juu wa mto ambako walikubali kukata. Vichwa vilivyochongwa vya ngoma zao vimekwenda kwa wanunuzi wa sanamu, na magogo yamelala uwanjani kama mizoga, mbuzi wanapanda juu yake. Waulizeni kama ibada zao zimejaa zaidi.

Basi jibu langu ni hapana. Sikubali kuikata, sikubali kuichoma, na akija mnunuzi na gari lake, mpeni maji ya kunywa mumwonyeshe barabara. Mchungaji akitaka kuninyima mkate wa Bwana kwa ajili hiyo, aninyime, nitakwenda kuudai mwenyewe kwa aliyeumega. Akifunga lango la makaburi, nizikeni chini ya lile paa lisilovuja. Mume wangu hatakasirika, alinichumbia hapo.

Unainuka, Eliya? Naona. Wewe ndiye uliyefundishwa ule wito na Enang, hakuna mwanamume mwingine wa tumbo letu anayeujua, na mkono wako haujasahau, maana mahubiri yakirefuka nakuona unapigapiga benchi kwa vidole. Nenda ukasimame na mchungaji wako kama ndiko moyo ulikokwenda. Sikulaani. Lakini msumeno hutoki nao.

Mwacheni apite. Obia, toka hapo mlangoni, mwache kaka yako apite.

Amekwenda. Ekama, niinue kidogo... hapo, inatosha.

Wewe, binti yangu, kama hakuna mwanamume atakayeipiga nikifa, shika fimbo uipige wewe. Watasema mwanamke haruhusiwi. Waambie wamtazame aliyechongwa pale mbele, kisha wakueleze ni mwanamume gani huyo. Msumeno mtatumia kukatia mbao za jeneza langu, kisha mtaurudisha kwa fundi ukiwa umesafishwa, maana ni mali ya watu. Nivalisheni ile nguo nyeupe niliyokuwa nikivaa kwenda meza ya Bwana. Viazi vipya vikitoka, cha kwanza kipelekeni kanisani kama nilivyokuwa nikipeleka, hata kama wamenizika nje. Kanisa ni langu. Siliachi kwa sababu ya mtu mmoja.

Obia, lete kichwa chako. Mungu wa mama yangu akulinde shambani na majini. Ekama, mikono yako isipungukiwe. Na yule aliyetoka... Mungu amfuate huko aliko, asimwache peke yake na hasira... Nimechoka. Nipeni maji. Tone tu.

Nini hicho?

Nyamazeni.

Mapigo mawili mazito... moja jepesi... Huo ni wito wa Jumapili, na leo si Jumapili. Ekama, si wewe. Wewe umenishika mguu. Na Obia yuko hapa.

Amekosea. Lile la tatu amelivuta mno, Enang angemgonga kichwa... Haya, anarudia. Fungueni mlango, huo wa jikoni pia, moshi na uingie. Watu watakuja. Na mchungaji akifika... mpeni kigoda, mwambieni asikilize... ndivyo tunavyoitana...

Amina, mwanangu. Piga.