Hereni za Zilpa Zilizoitwa za Kampala

Wasikilizaji wapendwa, salamu kwenu kuanzia Budalang'i hadi Malaba. Sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Zilpa Nabwire wa Namboboto. Zilpa alitengeneza hereni za shanga. Alizitengeneza nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula, kwa mikono yake mwenyewe. Shikeni hapo, maana wengi wenu mmezivaa na hamjui.

Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Shanga kwenye sinia, waya mwembamba, plaisi ndogo. Alipanga shanga kwenye waya, akakunja ncha iwe kitanzi, akakining'iniza kwenye kidoano cha kuingia sikioni. Lakini vidoano vingine huwasha. Kwa hiyo kila alipofungua pakiti mpya, Zilpa alijivika kimoja kwanza, kikiwa na shanga zozote, sikio la kushoto, akaenda nacho shamba. Kikimwasha, pakiti nzima inatupwa. Ndiyo maana masikio yake hayakufanana: huku shanga nyekundu, kule buluu. Mdogo wake, Euphrasia, anasema, "Hilo sikio lilikuwa na vidonda kila mara. Nikimwambia aache, ananiambia, 'Afadhali niumie mimi kuliko customer.'"

Aliyeziuza ni binti yake, Vivianne, mwenye kibanda pale Malaba. Na sisi watu wa mpakani tunajijua. Kitu kikisemekana kimevuka, basi kinakuwa kizuri zaidi. Vivianne aliwaambia wateja hereni zimetoka Kampala. Zikagombaniwa.

Siku moja Zilpa alifika kibandani bila kutangaza. Ametoka shamba, kandambili zina matope, na masikio yake, kama kawaida, hayafanani. Wateja walikuwepo. Mmoja wao, Sharlyne, akaangua kicheko: "Ai! Huyu mama amevaa hereni mbili different!"

Vivianne alijua vizuri kwa nini. Naye akacheka. Wasikilizaji wapendwa, alicheka. Hakusema huyu ni mama yangu.

Zilpa alimtazama. Kisha akainua hereni aliyoitengeneza mwenyewe, akauliza kwa upole, "Hizi zinatoka wapi, dada?"

"Kampala," akajibu Vivianne.

"Ni nzuri," akasema Zilpa, akaenda zake.

Vivianne alitamani kumkimbilia. Akabaki anapanga vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa, na wateja wanaendelea kuchagua.

Wiki iliyofuata mzigo ulikuja na boda kama kawaida. Safari hii kila jozi ilikuwa imeshikizwa kwenye kadi iliyokatwa kutoka boksi la sabuni. Na kila kadi iliandikwa kwa kalamu: KAMPALA. Euphrasia anakumbuka: "Aliniomba nimwandikie hilo neno kwa karatasi. Akakaa analifuata polepole, kadi baada ya kadi. Mimi nilidhani ni jina la duka."

Alikuwa anamsaidia binti yake, ama anamwonyesha alichofanya? Vivianne hakuuliza. Akaziuza na kadi zake.

Mwezi uliopita, presha ilimchukua Zilpa. Siku ya mazishi wateja wa Malaba walikuja Namboboto kumfariji Vivianne, hereni masikioni. Sharlyne alisimama naye karibu na jeneza, akamshika mkono. "Pole sana, dear. Mama alikuwa anafanya kazi gani?"

Vivianne aliziangalia zile hereni. Akasema, "Alikuwa analima tu."

Hilo jibu ndilo lililomleta hapa studioni jana, macho yamevimba. Akaniambia, "Nisemee. Nilimkana akiwa hai, nikamkana tena akiwa amelala hapo mbele yangu."

Basi nasema, na narudia. Hereni zile hazikutoka Kampala. Zilitoka Namboboto, mezani kwa Zilpa Nabwire. Zilpa alikuwa mama mzazi wa Vivianne.

Kwa Vivianne, kwa Euphrasia na jamaa wote wa Namboboto, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awashike mkono. Na wewe unayenisikiliza, fikiria kidogo: nyumbani kwenu ni nani anayekubeba, na mbele za watu unapita kando yake?

Nilimuuliza Vivianne kama ana neno la kuongeza. Akasema, "Mwambie Sharlyne aje kibandani. Aniulize tena mama yangu alikuwa anafanya kazi gani."