Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Usiku wa manane nilisikia cherehani, tra-tra-tra, nikajua mume wangu anamalizia sare za watu, kumbe nimemlalia kifuani, cherehani yenyewe ni moyo wake, unakwenda mbio, unanyamaza, unaanza tena kama uzi uliokatika ukaungwa. Sikulala. Asubuhi nikambeba mtoto mgongoni hadi kijiweni, benchi la mbele ya chumba cha mume wangu cha kushonea, na ukungu ulivyochanganyika na mvuke wa kahawa, niliwaona kama watu wa ndotoni: mume wangu, Kinyozi jirani yake, na Profesa, mwalimu mstaafu. Katikati yao kopo la vifungo, humo ndimo anamoweka vidonge vya presha alivyopewa kliniki, kimoja kila siku. Na kijiwe kizima kinachota.

KINYOZI: Shemeji, karibu kahawa! Leo moyo umenipiga teke, nimemeza nusu.

PROFESA: Nusu ya nini? Presha hupanda na jua. Mimi nameza jioni, nishuke nalo taratibu.

KINYOZI: Wacha we! Presha ni joto la nywele. Mtu akinyolewa vizuri, damu inapata upepo.

PROFESA: Mbona una upara na bado unameza?

MUME WANGU: Mimi sina neno. Nikiwaona nyie mmepata nafuu, na mimi mwili unakuwa mwepesi, kama naelea.

Wakacheka. Mimi nikalisogelea kopo.

— Baba mtoto, kidonge chako cha leo kiko wapi?

Profesa akapekua kopo, akatoa kimoja cheupe, akakigeuza kwenye mwanga: kina matundu manne.

— Cha jana?

— Jana Kinyozi kifua kilimbana.

— Juzi?

— Juzi Profesa alisikia kizunguzungu.

— Wewe mwenyewe ulimeza lini?

Akatazama kikombe. Wote wakatazama vikombe, kahawa haikuwamo tena.

— Mwanangu, Profesa akasema polepole, hata sisi hatujawahi kupimwa.

Nikachukua kopo, nikamshika mume wangu mkono. Ulikuwa baridi. Tukaanza kutembea kuelekea kliniki, na nyuma yetu nikasikia ndala za wale wawili zinafuata.

— Mama yangu asijue, mume wangu akanong'ona. Atadondoka.

— Namwambia daktari.

— Daktari tu?

— Haki ya Mungu, daktari tu. Mwingine simwambii.