Akeyo Oloya, Mfamasia wa Kando ya Kitanda

Tumekuja kumsindikiza Akeyo, binti wa marehemu Konstebo Oloya wa Kitgum na Bi Kulusum, Mnubi wa Bombo. Alizaliwa tarehe 9 Juni 1981 katika nyumba za polisi hapa Kampala, mtoto wa pili kati ya wanne. Baba alisali kanisani, mama akasali msikitini, na chakula kikaliwa sinia moja.

Alisoma shule ya msingi Kawempe, sekondari Gulu, kisha Makerere, alikohitimu shahada ya famasia mwaka 2006. Mama yake, akidhani binti atauza dawa, alikwisha kumtafutia chumba cha duka Bwaise. Akeyo akacheka: "Mama, mimi nataka kukaa karibu na mgonjwa, si karibu na rafu."

Alianza kazi Hospitali ya Tumaini Februari 2008. Siku hizo mfamasia aliyeingia wodini alitazamwa kama mgeni aliyekosea mlango. Mambo yaligeuka Agosti 2014, alipoletwa Bwana Okwera, dereva wa lori mwenye vali ya chuma moyoni, damu ikimtoka puani na kwenye fizi. Madaktari walisema amezidisha dawa yake ya kuzuia damu kuganda. Yeye akaapa hajaongeza hata kidonge. Hata mkewe alianza kumtilia shaka.

Akeyo aliketi naye. Wote walikuwa wamemwuliza anameza nini, yeye akauliza, "Mzee, ni dawa gani umeacha karibuni?"

"Za kifua kikuu tu. Nilizimaliza mwezi uliopita. Nimepona."

Akeyo akasimama papo hapo. Dawa za kifua kikuu hulifanya ini liimalize upesi ile dawa ya damu, ndiyo maana Okwera alikuwa ameongezewa dozi. Zilipokwisha, hakuna aliyeipunguza.

"Daktari, mgonjwa anasema kweli," alisema. "Dozi ile ile sasa inamzidi."

Daktari alisoma faili, kisha akauliza, "Tumpe kiasi gani?"

Walisimamisha dawa, wakampa vitamini K ya kusaidia damu igande, na Akeyo akawa anafuatilia vipimo vya damu kila asubuhi mpaka dozi mpya ikapatikana. Okwera alitoka kwa miguu yake, na mwaka uliofuata akamwoza binti yake. Tangu hapo madaktari hawakuanza mzunguko wa wodi kabla Akeyo hajafika. Kufikia 2022 aliongoza wafamasia wanane, wote aliowafundisha mwenyewe.

Tarehe 18 Desemba 2010 alifunga ndoa na Mwalimu Okinyi wa Bukoto. Okinyi hukiri kwamba katika miaka yao yote hakuwahi kumeza hata dawa ya kichwa bila kuhojiwa kwanza.

Machi 2024 aligundulika na saratani ya matiti. Akiwa amelazwa, alimsikia mgonjwa wa kitanda cha jirani akilalamika kwamba damu yake haiongezeki.

"Dada, hivyo vidonge vya kuongeza damu unavimeza na nini?"

"Chai ya maziwa."

"Basi chai inakunyang'anya dawa. Meza kwa maji, chai utakunywa baadaye."

Baada ya wiki nne damu ya yule dada ilipanda, na wodi nzima ikapiga vigelegele. Akeyo alipiga kikubwa kuliko vyote.

Alifariki Jumatano, tarehe 5 Novemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto wawili, Kaltumi na Ochan, mama, ndugu watatu, wafamasia wanane, na watu wengi wa mji huu wasiolijua jina lake, ambao leo wako kazini, wazima.

Mungu wetu sote, mpe Akeyo pumziko la amani.