Shangazi, Mhariri Aliyetaka Viziwi Wajisimulie

Tarehe 30 Juni Shangazi anastaafu, baada ya kuitumikia nyumba hii ya uchapishaji kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa msahihishaji wa prufu, anaondoka akiwa mhariri mkuu wa vitabu vya dini na fasihi. Katikati hapo alipitia pia stoo, na habari ya stoo tutaifikia.

Jina la Shangazi alipewa na dereva wetu, aliyedai kwamba ni mtu mmoja tu duniani anayeweza kukugombeza, kukulisha na kukuchekesha kwa pumzi moja, naye ni dada wa baba yako. Jina likanata. Hata mkurugenzi hulitumia, ingawa kwa umri ni kaka yake.

Wageni hushangaa wakiona hatubishi hodi ofisini kwake. Tunazima taa na kuiwasha. Ndivyo alivyolelewa: marehemu baba yake, fundi viatu, na mama yake, fundi cherehani, wote viziwi, na yeye kifungua mimba wao alianza kuongea kwa mikono kabla ya kuongea kwa mdomo. Tabia hiyo ametuambukiza. Siku hizi mpika chai anaulizwa kutoka dirisha la ghorofa ya pili kama sukari ipo, naye anajibu kutoka uani bila mtu kupaza sauti. Zamani Shangazi na mhasibu walizoea kuteta kwa mikono katikati ya vikao. Raha hiyo ilikwisha siku mkurugenzi alipowajibu, kwa alama zilezile, kwamba tai yake wanayoicheka ilichaguliwa na mke wake.

Tangu akiwa mtoto alisimama mbele ya wazazi wake kanisani akiwafasiria mahubiri. Maneno mazito ya wachungaji hayakumsumbua. Kilichomsumbua ni kuwaambia baba na mama, kwa mikono yake mwenyewe, kwamba mhubiri mgeni anasema masikio yao yamefungwa kwa sababu ya dhambi. Siku nyingine alifasiri kama ilivyo. Siku nyingine alisema linatangazwa zoezi la kwaya. Mama yake alimtazama tu, mpaka Jumapili moja akamuuliza, "Mazoezi kila wiki, kwani kwaya hii haijui kuimba?"

Mwaka wake wa nne hapa, mezani kwake ulifika mswada wa hadithi za imani kwa watoto. Mwandishi alikuwa mchungaji mstaafu, mtu mpole aliyependwa na wengi. Picha zilikwisha chorwa na mtambo ulikuwa unasubiri. Shangazi alitakiwa kukagua tahajia tu. Akafika kwenye hadithi ya mtoto anayeitwa Bubu, aliyezaliwa kiziwi kwa makosa ya wazazi wake, na siku wazazi walipotubu, masikio yakafunguka. Hapo akaweka kalamu chini.

Mkurugenzi wa wakati huo hakufurahi. Alimkumbusha kwamba yeye ni mhariri wa lugha, si wa dini. Shangazi akamjibu, "Basi ni lugha hiyohiyo ninayoisema. Kitabu kizima, mtoto huyu hajapewa hata neno moja la kusema." Wiki iliyofuata alihamishiwa stoo kufunga vifurushi. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani, na wenzake walimsihi aombe radhi yaishe. Hakuomba. Jioni alirudi nyumbani mgongo ukimuuma, na kwa mara ya kwanza, alituambia baadaye, alifikiria kuacha kazi hii kabisa.

Mama yake ndiye aliyemzuia. Aliwakusanya rafiki zake viziwi kwenye chumba chake cha kushonea, wakaketi katikati ya vitambaa na kuisimulia upya hadithi ileile. Shangazi aliandika. Katika hadithi yao mtoto hasikii mpaka mwisho. Anayebadilika ni baba: anajifunza kuongea kwa mikono, na usiku wa kwanza anakesha na mwanawe, maana mtoto alikuwa amemwekea maswali ya miaka saba.

Kisha Shangazi akamwalika yule mchungaji. Alikuja na Biblia mkononi, akidhani ameitwa kumwombea mgonjwa. Mama alimpokea kwa heshima, akampa kiti kilicho karibu na dirisha ili waonane vizuri, akamwambia kupitia kwa binti yake, "Ukimaliza kuniombea nisikie, Baba Mchungaji, niombee na wewe ujue kuongea nami." Mchungaji alicheka. Kwa kujitetea alitaja methali, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Mama akajibu kwamba masikio yake yalikufa tangu utotoni, na dawa za presha anazinywa kila asubuhi. Walizungumza mpaka chai ikapoa.

Tusiseme mchungaji alibadilika siku ile. Alirudi mara tatu, na mara ya pili aliondoka amekasirika. Lakini mwishowe ni yeye aliyekwenda kwa mkurugenzi kuiondoa hadithi yake, akaomba ya mama na rafiki zake iwekwe mahali pake. Kitabu kilitoka hivyo. Shangazi akatolewa stoo, akarudi na misuli, anavyosema mwenyewe, ambayo mhariri mwingine hana.

Tangu hapo alikuwa na swali moja kwa kila mswada: je, wanaosimuliwa humu wameulizwa? Kwa swali hilo alituletea vitabu vya wasioona, vya waliopona ukoma wakakosa pa kurudi, vya wajane waliofukuzwa kwa kuitwa wachawi. Watu wa idara ya masoko walipotaka jalada liseme "sauti za pembezoni", aliuliza, "Pembezoni mwa nani? Kwao wamekaa katikati." Waandishi wengi walimlalamikia kwa ukaidi wake, nasi pia, hasa kuhusu alama za mkato. Shangazi anaweza kubishania mkato mmoja asubuhi nzima, na mchana akauondoa.

Mwezi uliopita baadhi yetu tulimsindikiza kanisani kwao. Mhubiri alikuwa kiziwi, na alihubiri kwa lugha ya alama. Sisi tunaosikia ndio tuliowekewa mkalimani, tukawa tunacheka baada ya wengine kumaliza kucheka. Shangazi aliketi kando ya mama yake, ambaye sasa ni bibi kizee. Kwa mazoea akainua mikono amfasirie. Mama akaishika, akaishusha polepole mapajani mwa binti yake, asiyaondoe macho kwa mhubiri. Shangazi alikaa hivyo mpaka baraka za mwisho, machozi yakimtiririka.

Shangazi, asante kwa kutufunza kuuliza kabla ya kuandika. Tunakuombea afya, usingizi mnono na Jumapili nyingi za kukaa tu na mama. Ukitukumbuka, njoo, taa ya ofisini kwako tutaizima na kuiwasha hata kama umekuja kusalimia tu. Kaa salama, uishi vizuri.