Musyoka, Aliyesikiliza kwa Nje ya Ukuta

Mchungaji, wazee wa kanisa, shemeji yangu Mutanu, Eddah mwanangu, jamaa mliotoka Kangundo kwa gari la moshi, na ninyi majirani zetu wa Kibokoni mliosimama pale mlangoni kwa heshima ya mtu ambaye hakuwa wa dini yenu, mimi ni Kimeu, fundi seremala wa Liwatoni, niliyemfuata marehemu ziwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Sikuitaka kazi hii, kwa kuwa mimi na kuimba hatuna ujamaa, na maisha ya kaka yangu hayaelezeki bila kueleza kuimba, lakini katika nyumba ya mama yetu aliyebaki ni mimi peke yangu, basi mtanivumilia.

Zakaria Musyoka alizaliwa Kangundo, wilaya ya Machakos, mwaka wa 1919, njaa ile kubwa ikiwa bado haijatoka majumbani mwa watu, akiwa mtoto wa tatu kuzaliwa na wa kwanza kuishi, na siku yenyewe hakuna aliyeiandika, mama alisema tu kwamba mvua ilikuwa imekataa. Alibatizwa tarehe 6 Januari 1929, mwaka huohuo akaanza shule ya misheni, akasoma hadi mwisho wa 1931 baba alipofariki na ada ikafariki naye, akatoka shuleni akijua kusoma Injili kwa kufuata kidole na kuandika jina lake, hakuzidi hapo hadi anakufa, na jambo hilo naomba mlikumbuke, maana tutalirudia.

Mwaka wa 1940 aliingia jeshini, na kuanzia Machi 1942 alikuwa mlinzi katika kambi ya mateka wa Kiitaliano karibu na Nanyuki. Mateka wale walijijengea jukwaa kwa mbao za masanduku ya chakula, wakawa wanacheza mchezo wa kwao uitwao opera, ambamo watu hawasemi neno, huimba tangu mwanzo hadi mwisho, hata wakigombana, hata wakifa, na kwa kuwa kambini hakukuwa na mwanamke, wanaume walivaa magauni ya mablanketi wakaimba sehemu za wanawake. Kaka yangu hakuuona mchezo huo hata mara moja, kwa sababu amri ilikuwa mlinzi aangalie waya, si wachezaji, basi alisimama nyuma ya mbao zile, mgongo kwao, bunduki begani, akisikiliza. Alituambia kwamba kulikuwa na mateka mmoja mdogo wa mwili, mwosha masufuria, aliyeimba kifo cha mwanamke, na siku ile yeye alisimama palepale hata zamu yake ilipokwisha.

Mwosha masufuria huyo alikufa kwa homa mvua zilizofuata, na Musyoka alikuwa miongoni mwa waliomchimbia kaburi. Miaka mingi baadaye, kila mtu alipocheka kwamba ni upuuzi mtu anayekufa kuimba, yeye alikasirika kweli, akasema kwamba amewaona watu wakifa, kambini na bandarini Shimanzi pia, na wote walikuwa na mengi ya kusema ila hawakupewa nafasi, na kwamba yule Mwitaliano kufa kwake kwa kimya hemani ndiko kulikokuwa uongo, kufa kwake kwa sauti jukwaani ndiko kulikokuwa kweli. Mimi nilimwambia hayo ni mawazo ya mtu asiye na kazi. Leo nayasoma haya mbele ya jeneza nililolipiga randa kwa mkono wangu, na sina hakika tena.

Alifunga ndoa na Mutanu tarehe 22 Septemba 1945 katika kanisa la Kangundo, na Januari 1946 wakashuka Mombasa, wakapanga vyumba viwili kwa Bi Mwanakuu, Kibokoni, Mji wa Kale, wakakaa humo miaka yote hii. Mungu aliwajalia watoto watatu, Eddah aliyezaliwa tarehe 9 Julai 1946, na Ndunge na Paulo, waliochukuliwa na surua mwaka wa 1951, mmoja Jumatatu, mwingine Ijumaa ya juma lilelile. Tangu hapo nyumba ile ilikuwa na mtoto mmoja, na mkono wa baba haukutoka begani mwake.

Kazi yake ilikuwa bandarini, kuli kwanza, kisha kuanzia 1954 nyapara wa genge katika godauni moja la Shimanzi, na mliofanya naye kazi mnajua kwamba hakumchagua mwimbishaji wa kubebea magunia kwa urafiki wala kwa kabila, alimchagua kwa pumzi, na aliyeimba kwa pua alipelekwa kufagia. Maoni yake juu ya waimbaji yaliwachosha watu wengi, mimi wa kwanza. Alisema kipaza sauti ni mkongojo, na asiye kiwete aushikie nini. Alisema santuri ni picha ya marehemu, wewe wamwona, yeye hakuoni, ingawa alikuwa nazo tatu, za opera, alizopewa na baharia wa meli ya Kiitaliano, na alizipiga mpaka Bi Mwanakuu akamwita kutoka ukumbini, "Baba Eddah, huyo bibi yuwafa tangu adhuhuri, hata sasa hajafa?" Alisema mwimbaji akisahau maneno usimcheke, na akimaliza vibaya usimpoze, kwa sababu mwenye sauti anajua mwenyewe alichofanya, na kumpoza ni kumtukana mara ya pili.

Jirani yetu Zein, mpiga udi, ambaye yuko pale mlangoni, alibishana naye miaka kumi na mitano barazani, Zein akishikilia kwamba mwimbaji wa taarabu hukaa kitako akatuliza uso, uchungu akauacha kwenye maneno, Musyoka akishikilia kwamba mwimbaji asimame atumie kila alicho nacho asibakishe cha kesho, na walibishana hivyo hadi kahawa ikapoa, na kesho yake wakaanza upya. Hata hivyo Zein alipopiga harusini, kaka yangu alikwenda, akasimama nje kichochoroni.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Siku za Wazungu, waimbaji wa opera waliokuwa safarini walishuka melini wakaimba katika klabu moja ya mjini, ambamo mtu mweusi aliingia na sinia mkononi au hakuingia, na Ogutu, aliyekuwa mpishi pale, akimruhusu kaka yangu asimame uani, nyuma ya jiko, penye dirisha. Alisikia wengi. Mmoja alimsifu mwaka mzima, mwingine alisema anaimba kama mama anayeogopa kuamsha mtoto, akaondoka kabla ya mwisho. Sisi tulidhani anasimama nje kwa kuwa ndani hawamtaki, na ni kweli hawakumtaka, lakini tulichokuwa hatukijui ni kwamba sikio lake lilikuwa limeshazoea hivyo tangu Nanyuki, kwamba hakuamini sauti yoyote mpaka aisikie ukuta ukiwa katikati. Tulichojua ni kitu kingine, nanyi wa kanisa hili mnakijua, kwaya ikikosea humu ndani, Musyoka aliinuka akatoka nje, na mgongo wake ndio uliokuwa hukumu.

Eddah alipata sauti, na baba yake akamfundisha kwa kusikia tu, santuri na mdomo, maneno ya Kiitaliano ambayo wote wawili hawakuyajua maana. Jumamosi tarehe 28 Agosti 1965, katika ukumbi mmoja wa Tononoka, mwalimu wa kwaya akiwa kwenye piano, Eddah alisimama kuimba wimbo ule wa mwanamke anayekufa, mbele ya watu wote wa mtaa na mbele ya mgeni aliyekuja kuchagua kijana mmoja wa kwenda ng'ambo kusomea kuimba. Uhuru ulikuwa umekuja, milango ilikuwa wazi, na Eddah kwa fahari yake alikwenda mapema akamwekea baba yake kiti cha mbele kabisa, katikati. Ilikuwa mara ya kwanza kaka yangu kukaa ndani ya ukumbi. Alivaa suti ya harusi yake. Kipaza sauti kilikuwapo, Eddah akakisogeza pembeni, akaanza, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha baba yake aliinuka, kiti kikalia sakafuni, akapita mbele ya watu wote akatoka nje. Eddah aliuona mgongo ule. Alifika mwisho wa ubeti, akanyamaza, mwalimu akarudia kumpa mwanzo, akaendelea kunyamaza, kisha akashuka, na tangu siku hiyo hajaimba, kanisani wala jikoni.

Yule mgeni alimchukua mwingine. Nyumbani Eddah hakuuliza, na baba yake, aliyeamini kwamba mwanawe ameingiwa na woga, na aliyesema maisha yake yote kwamba mwimbaji hapozwi, hakusema neno, kila mmoja akamngoja mwenzake. Mwaka wa 1966 Eddah aliolewa akahamia Changamwe, akawa anakuja Jumapili, anapika, anaosha vyombo, anaondoka. Mimi nilimchukia kaka yangu kwa mgongo ule, na sikumficha.

Ugonjwa ulianza katikati ya 1967 kwa sauti kukauka, tukadhani ni vumbi la saruji ya godauni, ikawa ni uvimbe kooni, na tarehe 11 Januari 1968 madaktari walimpasua wakamwekea bomba la kupumulia, akatoka hospitali hai lakini bila sauti. Aliishi miezi tisa hivyo, na miezi hiyo ilikuwa mibaya, sitawapambia. Kila Eddah alipokuja, kaka yangu alimnyoshea kidole, kisha akaonyesha dirisha, tena Eddah, tena dirisha, tukafungua dirisha, akatikisa kichwa, tukalifunga, akatikisa kichwa, na Eddah akafikiri moyoni kwamba baba anamwambia atoke, basi akatoka, akakaa ukumbini kwa Bi Mwanakuu akilia, na kule ndani kaka yangu akipiga godoro kwa ngumi. Kuandika, nimewaambia, alijua jina lake tu. Alifariki Alhamisi tarehe 17 Oktoba 1968, asubuhi, kimya, kama yule Mwitaliano.

Jana, katika matanga, Zein alikuja kutupa pole, na katika kumtaja marehemu akataja alivyokuwa akilia siku ya Tononoka. Nilimuuliza analia wapi, kwani alitoka kwa hasira. Zein alinitazama. "Kwani hamujui? Mimi nalikaa kando yake, nikadhani kashikwa na tumbo, nikamwandama. Nalimkuta kasimama ukutani, chini ya dirisha, mkono kaweka jiweni, machozi yamtoka. Kanambia, Zein, nyamaza, ndiye huyu, ndiye yule wa Nanyuki. Nilidhani mwanenu yuwajua." Alikuwa bado amesimama pale wimbo ulipokatika, na alingoja, Zein anasema, alingoja muda mrefu, akidhani ni kituo cha pumzi.

Niliporudiwa na akili nilimwita Eddah na mama yake, Zein akarudia mbele yao. Mutanu alisema, "Huyu mume wangu, huyu." Eddah alisema kwamba mgongo ule watu wote waliuona, kwa hiyo na jambo hili watu wote walisikie, liandikwe ndani ya historia lisomwe, ndiyo sababu nimelisoma. Mimi simlaumu Musyoka leo, wala simsamehe, naona tu kwamba mtu mmoja alimpenda mwanawe kwa namna aliyofundishwa na waya wa kambi na ua wa klabu, akaona kila mtu anaijua namna hiyo, na hakuna aliyeijua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bi Mwanakuu ambaye miezi tisa hakudai kimya wala usingizi, majirani wa Kibokoni mliotuletea chakula na mikeka, Ogutu kwa dirisha la miaka ile, na genge la Shimanzi lililochimba kaburi tangu jana.

Nimebakisha neno moja. Eddah ameomba aimbe wimbo ule kabla hatujaondoka. Hajui kama kooni kumebaki kitu, ameniambia hivyo wazi, na kama hakuna, tutasimama kimya, kisha twende tukazike, na asitokee mtu wa kumcheka wala wa kumpoza. Lakini baba yake hawezi kumsikiliza akiwa hapa mbele. Akianza tu, ninyi wa genge mtainua jeneza, mtapita nalo mbele yake, mtatoka kwa mlango ule, nimeupima, linapita, mtalizungusha hadi ukutani chini ya dirisha la kushoto, mtasimama nalo mabegani mpaka wimbo uishe. Eddah mwanangu, utamwona akitoka, endelea.

Kaka, pumzika kwa amani. Vijana, mtoeni nje, anataka kusikiliza.