Siku Isiyo na Machozi

Fundi cherehani hakuwa na tabia ya kusikiliza ya watu, lakini kwenye basi lile la jioni kiti chake kilikuwa nyuma tu ya abiria wawili waliokuwa wakiongea.

"Hongera, baba," mama mmoja mtu mzima alimwambia jirani yake, aliyeegemewa na mabinti wawili wadogo, wote wamelala fofofo. "Baba wa kutembeza watoto siku hizi tunamtafuta kwa tochi."

"Tumeona twiga, tumepanda mnara, makumbusho tumeyamaliza." Kisha akashusha sauti. "Mama yao alifariki. Mimi dereva wa malori, nyumbani silali. Tukishuka, mkubwa anachukuliwa na shangazi yake, mdogo na bibi yake. Miji tofauti."

"Wanajua?"

"Bado."

"Jamani! Utawaambia lini, wakishapakiwa garini?"

"Nilitaka wapate siku moja isiyo na machozi, mama."

"Umeyaahirisha tu. Wangejua, wangeagana vizuri."

"Wangejua, hata huyo twiga wasingemwona."

Kimoyomoyo fundi alimuunga mkono mama, kisha akamuunga mkono baba, kisha macho yakamwasha akasingizia vumbi, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Basi likasimama. Kituoni walisubiri wanawake wawili, kila mmoja upande wake, wasiosemezana. Mdogo akaamka, akamtikisa dada yake.

"Dada, usijisahaulishe. Leo ni zamu yangu kulala upande wa ukutani."

"Haya, lala wewe," dada akajibu kwa usingizi, akamshika mkono, wakashuka.